Sita au Nane: Jinsi Mchoro wa Kompyuta Unavyogeuka Picha ya Simu

Simu ilinifikia saa mbili asubuhi kutoka Luanda, kaunti ya Vihiga, ambako fundi mmoja alikuwa amekwisha kuvuta kamba na kuchimba mtaro wa msingi upande wa mbele wa nyumba ambayo ramani yake niliichora hapa Kisumu. "Injinia," aliuliza, "hiki chumba cha kwanza ni elfu tatu mia sita ama elfu tatu mia nane?" Mimi si injinia, ni mchoraji tu, lakini katika mijengo ya huku kwetu kila aletaye karatasi yenye mistari na vipimo huitwa jina hilo, nami nimeacha kubishana. Fundi alikuwa amesoma nane. Alishtuka alipojumlisha vyumba vitatu pamoja na kuta zake nne akapata milimita 11,800, ilhali jumla niliyoiandika pembeni kwa tarakimu kubwa zaidi ilikuwa 11,600. Mchoro wenyewe haukuwa na kosa, kwa maana kwenye kompyuta yangu ile sita ilibaki sita hata nilipoikuza mpaka ikajaza kioo kizima. Kosa lilikuwa katika picha niliyomtumia, na makala hii inaeleza ni katika hatua zipi mchoro safi huharibika unapogeuzwa kuwa picha.

Programu za uchoraji wa kihandisi, iwe ni AutoCAD iliyotoka mwaka 1982 au LibreCAD ambayo hailipiwi, hazihifadhi mchoro kama picha. Ndani ya faili la DWG au DXF, ukuta ni maelezo tu: mstari unaanzia hapa, unaishia pale, uko kwenye leya fulani, yaani tabaka la mchoro, na una rangi fulani. Kila unapokuza au kusogeza, programu huyasoma maelezo hayo na kuuchora ukuta upya, ndiyo maana mstari hauchakai hata ukiusogelea mara elfu. Picha ni kitu cha aina nyingine kabisa, kwa sababu imeundwa kwa safu za visanduku vidogo viitwavyo pikseli, na kila kisanduku hubeba rangi moja tu. Anayesuka mkeka wa mafunjo hawezi kuutia herufi iliyo nyembamba kuliko utepe anaoutumia, na picha nayo haiwezi kubeba kitu kidogo kuliko pikseli yake. Unapotoa picha kutoka kwenye mchoro, programu huulizwa mara moja tu kila kisanduku kiwe na rangi gani, kisha jibu hilo hugandishwa. Kuanzia hapo ukuta haupo tena. Zimebaki nukta nyeusi zilizopangana zikafanana na ukuta.

Pamoja na hayo, picha ina sababu zake nzuri za kutumika. Fundi aliye juu ya jukwaa hana programu ya kufungua DWG, na hata akiipata kwenye simu, aina ya herufi niliyoitumia huenda isiwepo humo na maandishi yakabadilika umbo au yakapandana. Kidole kikiteleza, nguzo inaweza kuhamishwa bila mtu kujua. Picha hufunguka kwenye simu yoyote, haihamishiki nguzo, na mwenye nyumba aliye Nairobi huiona kama anavyoiona fundi. Wako wanaoamini pia kwamba picha hulinda kazi ya mchoraji isiibwe. Hilo ni la kujifariji, maana mtu mwenye subira ataiweka picha chini ya mistari yake na kuichora upya kwa jioni moja.

Tuirudie sasa ile sita. Chukua karatasi ya hesabu yenye visanduku ujaribu kuchora tarakimu kwa visanduku vitano kwenda juu na vitatu kwenda kando, ambacho ni kipimo kidogo sana lakini bado kinaweza kubeba tarakimu zote kumi. Sita itakuwa na safu ya juu iliyojaa, safu ya pili yenye kisanduku cha kushoto pekee, safu ya tatu iliyojaa, ya nne yenye kisanduku cha kushoto na cha kulia, na ya tano iliyojaa. Sasa chora nane. Utagundua kwamba umerudia kila kitu isipokuwa kisanduku kimoja: cha kulia katika safu ya pili. Kikiwa cheupe, tarakimu ni sita; kikiwa cheusi, ni nane. Picha inapopunguzwa, kisanduku ambacho nusu yake imeguswa na mstari na nusu yake haikuguswa hutiwa kijivu, na kijivu hicho mtu husoma anavyoona yeye, hasa akiwa juani na kioo cha simu kina vumbi la saruji. Huko Luanda, kisanduku kimoja cha kijivu kilikuwa na thamani ya sentimita 20 za msingi.

Ile tarakimu ilifikaje kwenye visanduku vitano? Hesabu yake ni rahisi, na ningeifanya kabla ya kutuma nisingepigiwa simu. Nilikuwa nimepanga kazi yote kwenye karatasi moja ya A1, ambayo upande wake mrefu ni milimita 841, na vipimo niliviandika kwa urefu wa milimita 2.5, kama wachoraji wengi wanavyofanya. Karatasi hiyo ikichapishwa, milimita 2.5 husomeka bila shida. Lakini niliituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, na picha zinazotumwa kwa njia hiyo hupunguzwa njiani. Zile nilizozipima mwenyewe baada ya kupokelewa hazikuzidi pikseli 1,600 kwa upande mrefu. Ukigawanya 1,600 kwa 841 unapata pungufu kidogo ya pikseli mbili kwa kila milimita ya karatasi. Tarakimu ya milimita 2.5 ikabaki na pikseli 4.8 kwenda juu.

Kwa hiyo swali la kuanza nalo ni hili: msomaji wa mwisho atabakiwa na pikseli ngapi kwa tarakimu ndogo kuliko zote? Watu wengi huanza na ukubwa wa faili, au na aina yake, nami nadhani huko ni kuanzia mwisho. Kwa macho yangu, tarakimu yenye pikseli 15 husomeka bila kukisia, yenye 10 husomeka kwa kukaza macho, na chini ya 8 ni bahati nasibu. Tukitaka pikseli 15 kwa milimita 2.5, tunahitaji pikseli 6 kwa kila milimita, na picha ya pikseli 1,600 haiwezi kubeba zaidi ya milimita 266 za karatasi. Huo ni upana mdogo kuliko A4 iliyolazwa, ambayo ina milimita 297 na ingetupa pikseli 13 na nusu kwa tarakimu. Maana yake ni kwamba picha moja ya simu ibebe A4 moja, na A1, ambayo eneo lake ni sawa na A4 nane, isitumwe kamwe kama picha moja. Nyumba ile ya Luanda, kwa skeli ya 1:50, yaani milimita moja ya karatasi ni milimita 50 za nyumba, ina upana wa milimita 232 kwenye karatasi, kwa hiyo ingekaa vizuri kwenye A4 yake peke yake, na msingi, paa na mkato, yaani nyumba ionekanavyo ikikatwa wima, zingepata karatasi zao.

Hapa ndipo inapobidi kueleza tofauti ya sehemu mbili zilizomo ndani ya programu, kwa sababu wanaojifunza hutoa picha kutoka sehemu isiyofaa. Katika sehemu ya kuchorea, kila kitu huchorwa kwa ukubwa wake halisi. Ukuta wa milimita 11,600 una milimita 11,600 na hakuna skeli yoyote. Sehemu ya pili ni karatasi ya kubuni, ambayo wachoraji huiita leyauti, ambako unafungua dirisha la kuutazama mchoro kwa skeli unayoitaka na kuweka fremu, jina la mradi na mshale wa kaskazini. Amri kama PNGOUT na JPGOUT za AutoCAD huchukua kile kilicho kwenye dirisha lako kwa wakati huo, kwa pikseli za dirisha hilo. Mwenye kompyuta ndogo ya pikseli 1,366 kwa 768 atapata picha isiyozidi hapo, hata mchoro wake ukiwa wa hospitali nzima. Kupiga picha ya skrini kuna upungufu huo huo, ila watu wamekuzoea kwa sababu ni kwa haraka. Anayetaka picha ya kazi aitoe kwenye leyauti, ambako karatasi ina kipimo na maandishi yana urefu unaojulikana.

Skeli nayo ina mtego ambao hauonekani mpaka mtu ashike rula. Kiwanja cha kawaida huku kwetu ni futi 50 kwa 100, yaani mita 15.24 kwa 30.48. Kwa skeli ya 1:100 urefu wake kwenye karatasi ni milimita 304.8, na A4 ina milimita 297. Inapungua kidogo tu, na mchoraji mwenye haraka hubonyeza kitufe cha kuufanya mchoro utoshee karatasi. Unatoshea kweli, lakini ukiachiwa kando ya milimita tano kila upande, skeli imekuwa karibu 1:106 huku maandishi yaliyo chini yakiendelea kusema 1:100. Umbali wa mita 3 kutoka mpakani, ukipimwa kwa rula, utatoka mita 2.82. Kwenye picha ya simu jambo hili huwa baya zaidi, kwa sababu picha hukuzwa na kupunguzwa kwa vidole viwili na skeli yoyote ya tarakimu inakuwa uongo papo hapo. Dawa yake ni mstari wa skeli uliochorwa ndani ya mchoro wenyewe, wenye alama za mita 0, 1, 2 hadi 5, kwa kuwa huo hukua na kupungua pamoja na nyumba. Kwa kiwanja kizima, mimi hutumia 1:200 na kuacha nafasi tupu ibaki tupu.

Rangi huleta fedheha za aina yake. Wengi wetu tunachora juu ya kioo cheusi ili macho yasichoke, tukitumia njano kwa milango, samawati kwa vipimo na nyeupe kwa kuta. Rangi hizo ni urithi wa zamani, wakati mashine za kuchorea zilipotumia kalamu halisi za wino na rangi ya mstari kwenye kioo ilikuwa njia ya kuiambia mashine ishike kalamu ipi, nyembamba au nene. Haikukusudiwa kuonekana kwenye karatasi. Leo ukitoa picha yenye usuli mweupe bila kubadilisha chochote, rangi namba 7, ile nyeupe ya kuta, hugeuka nyeusi yenyewe, lakini njano hubaki njano, na njano juu ya nyeupe kwa simu iliyo juani ni sawa na hakuna. Nimewahi kuona ramani iliyofika kwa fundi ikiwa haina mlango hata mmoja. Wakati wa kuchapisha chagua mtindo wa rangi moja, ambao katika AutoCAD huitwa monochrome.ctb, na kila mstari utatoka mweusi huku ukihifadhi unene wake. LibreCAD nayo, katika kidirisha cha kutoa picha, huuliza waziwazi kama usuli uwe mweupe au mweusi na kama mistari iwe ya rangi au nyeusi. Kuna pia picha za PNG zenye usuli usio na rangi yoyote, zinazoacha cha nyuma kionekane. Hizo zikifunguliwa kwenye simu iliyowekwa mandhari meusi, mistari myeusi hukaa juu ya weusi na mpokeaji hukuandikia kwamba umemtumia picha tupu.

Kuhusu aina ya faili, ugomvi ni kati ya JPEG na PNG, na katika michoro ya mistari sioni kwa nini uendelee. JPEG, ambayo kiwango chake kilitoka mwaka 1992, iliundwa kwa ajili ya picha za kamera. Huigawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8, na katika kila kipande hutupa mabadiliko madogo ya ghafla ambayo jicho halitatambua kuwa hayapo kwenye uso wa mtu au maji ya ziwa. Lakini mchoro hauna kingine ila mabadiliko ya ghafla: nyeupe, nyeusi, nyeupe. Matokeo yake ni yale madoa kama vumbi yanayozunguka kila tarakimu, na kila picha inapopigwa picha ya skrini au kuhifadhiwa upya kwa JPEG, vumbi huzidi. PNG, ya mwaka 1996, hubana bila kutupa hata pikseli moja, na kwa kuwa sehemu kubwa ya mchoro ni nyeupe inayojirudia, faili lake mara nyingi huwa dogo kuliko la JPEG ya mchoro huo huo. TIFF inafaa kwa wenye mashine za uchapishaji, na SVG hubaki maelezo ya mistari kama mchoro wa asili, lakini si kila simu huifungua bila kusumbua.

Hata hivyo PNG haikuokoi ikiwa utaituma kama picha, kwa sababu WhatsApp huigeuza kuwa JPEG na kuipunguza. Bonyeza alama ya kibanio cha karatasi, chagua kutuma hati badala ya picha, na faili litafika kama lilivyotoka, pikseli kwa pikseli. Hapo A3 iliyotolewa kwa nukta 300 kwa inchi, yaani pikseli 300 kwa kila inchi ya karatasi, yenye pikseli 4,961 upande mrefu, humfikia fundi na tarakimu zake za pikseli 29, ambazo hakuna atakayezikosea. Tofauti ni mguso mmoja wa kidole, na inasikitisha ni kazi ngapi zinaharibika kwa kutoujua.

Mtu asije akadhani basi kwamba nukta zikizidi ndivyo bora. A1 kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 7,016 kwa 9,933, yaani karibu milioni 70. Faili lake la PNG linaweza kuwa la megabaiti mbili tatu, ila simu inapolifungua hulazimika kulitandaza lote kwenye kumbukumbu yake, baiti nne kwa kila pikseli, na hizo ni megabaiti 280 hivi. Simu ya bei nafuu ama hukwama, ama huonyesha nakala iliyopunguzwa bila kusema, na unarudi kulekule kwenye kisanduku cha kijivu.

Njia ninayoifuata sasa ni ndefu kwa hatua moja. Kutoka kwenye leyauti natoa kwanza PDF, ambayo hubaki na mistari halisi na urefu halisi wa karatasi, kisha kutoka kwenye PDF hiyo natoa PNG kwa nukta 300 kwa inchi. Programu ya GIMP, ambayo hailipiwi, huuliza kiwango hicho inapofungua PDF. Faida ya kupitia huku ni unene wa mistari. Ukitoa picha moja kwa moja kwa kutaja pikseli, mara nyingi mistari yote hutoka myembamba sawa, ukuta na mstari wa kipimo visitofautike. Ukipitia PDF, mstari wa milimita 0.25 huwa pikseli 3 kama unavyostahili, na ukuta wa milimita 0.5 huwa 6. PDF yenyewe naituma pia, kwa sababu ndiyo ya kupelekwa kwa mchapishaji. Na ikiwa geti litakatwa kwa mashine inayoendeshwa na kompyuta, mwenye mashine apewe DXF, kwani mashine haifuati nukta, hufuata mstari.

Limebaki jambo la jina. Faili niliita kwa uangalifu jina lenye eneo, tarehe na herufi ya toleo, lakini picha inayotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupoteza jina hilo na kuhifadhiwa kwenye simu ya Android ya mpokeaji kama IMG, ikifuatwa na tarehe ya kupokelewa, herufi WA na namba. Baada ya kurekebisha ramani ya Luanda nilimtumia fundi picha mpya, na sasa alikuwa na mbili zinazofanana kwa kila kitu isipokuwa namba ya mwisho, mpya ikiwa na choo kilichohamishwa upande wa pili. Tangu siku hiyo herufi ya toleo na tarehe huandikwa ndani ya fremu ya mchoro, kona ya chini kulia, kwa urefu wa milimita 7, ambao hata kwenye A1 iliyopunguzwa vibaya hubaki na pikseli 13. Fundi anaponipigia simu, swali langu la kwanza huwa kama anaona A au B pale kwenye kona.